Kiwango Rejea cha Wanawake Kumi na Tisa

TANGAZO KWA WATUMISHI WOTE

Watumishi wa Kituo cha Vipokezi cha Nyanda za Juu, Njombe, wanataarifiwa kwamba kuanzia Jumatatu ijayo vikombe vyenye mstari wa kijani vitatumiwa na watumishi wa ghorofa ya pili pekee. Vikombe visivyo na mstari vitaendelea kutumiwa na wengine wote. Mtumishi atakayekutwa na kikombe kisicho cha ghorofa yake atatakiwa kutoa maelezo kwa maandishi. Tangazo hili linafuta tangazo la tarehe tisa kuhusu suala hilohilo.

Daktari Enesia Sanga alilisoma tangazo hilo hadi mwisho, kwa sababu lilikuwa fupi, na kwa sababu karatasi iliyokuwa chini yake hakutaka kuisoma tena.

Karatasi hiyo ya pili ilikuwa na mistari kumi na tisa. Kila mstari ulikuwa mwanamke mmoja, na kila mwanamke alikuwa amejifungua mtoto asiyepumua, au aliyepumua kwa muda usiotosha kuandikiwa cheti. Chini ya Sheria ya Faraja, mama wa namna hiyo aliwekewa Bawabu chini ya ngozi ya mkono wa kushoto: kifaa kisichozidi punje ya mchele, chenye kazi moja tu ya kuuzuia mwili usiendelee kumhudumia mtu ambaye hayupo. Zikipita siku arobaini maziwa hukauka na kifaa hutolewa; yasipokauka, kifaa hakitolewi mpaka kizimwe. Waliotunga sheria waliona kwamba huzuni ya moyo haina dawa, wakaamua kuishughulikia ile ya matiti, ambayo angalau hupimika.

Mistari hiyo ilipaswa kulala chini, karibu na sifuri. Badala yake, kwa miezi kumi na minne, yote ilikuwa ikipanda kila siku saa nne na dakika ishirini asubuhi, ikishuka, kisha ikipanda tena saa sita kasorobo. Wanawake wenyewe waliishi Makete, Ludewa, Makambako na Wanging'ombe. Wengi wao hawakuwa wameonana tena tangu siku waliyopimwa pamoja. Hata hivyo mistari yao ilipanda katika dakika ileile, kama wamekubaliana.

Mlango uligongwa.

"Kamwene, Daktari."

"Kamwene, Benigna. Karibu, kaa."

Benigna Mwalongo alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kazi yake ilikuwa kuchambua maparachichi katika ghala la kufungashia matunda. Alikaa bila kuvua koti. Ndani ya koti, Enesia alijua kutoka kwenye jalada, kulikuwa na vitambaa viwili vilivyokunjwa mara nne, na vitambaa hivyo vilibadilishwa mara mbili kabla ya chakula cha mchana.

"Umeniita kwa ajili ya mifupa," alisema Benigna.

"Mifupa na mengineyo. Kipimo cha nyonga kimeshuka tena. Una nyonga za mwanamke wa miaka sabini."

"Bibi yangu alifika tisini na mbili akiwa bado anabeba kuni. Kwa hesabu hiyo bado nina miaka ishirini na miwili."

"Sifanyi mzaha."

"Wala mimi. Nimemtaja bibi yangu."

Enesia aliisogeza karatasi mbele yake. "Maadamu mwili wako unaamini kwamba unanyonyesha, ovari zitaendelea kulala. Ovari zikilala, mifupa inakosa inachokitegemea. Na mimba haitaingia. Hili la mimba silisemi kwa niaba ya mtu yeyote."

"Hujamsema Festo, lakini umemsema."

"Mumeo hajafika hapa."

"Atafika. Ameshanunua na shati la kuja nalo." Benigna alitazama mistari bila udadisi. "Unataka saini."

"Baraza la Taifa la Vipokezi halitoi ufunguo wa kuvizima vifaa bila saini za wateja wote, kwa sababu vifaa vyenu hujifunza kwa pamoja na havizimwi kimoja kimoja. Kumi na wanane wametia saini. Wamechoka."

"Mimi sijachoka."

"Naomba unieleze kwa nini."

Benigna aliichukua kalamu juu ya meza, akaiangalia, akairudisha mahali pake. "Nilimzika bila kumsikia sauti. Walimfunga kitambaa, wakaniambia nisimtazame sana, eti inaumiza. Wiki ya tatu niko ghalani, mikono ndani ya matunda, nikamsikia. Saa nne na dakika ishirini. Si kilio cha kuigiza, Daktari. Ni mtoto mwenye njaa na hasira, anayejua haki yake. Maziwa yakaja yenyewe. Nyinyi mnaandika hitilafu. Mimi namwita Ilaria."

"Wenzako kumi na wanane wanasikia vilevile, dakika hiyohiyo."

"Kila mtu na wake."

Enesia hakuwa mtu wa kuamini mizimu. Aliamini, hata hivyo, kwamba kumi na tisa ni idadi kubwa mno kuitwa bahati, na kwamba jambo lisilo na maelezo kwa kawaida huwa na maelezo yasiyompendeza mtu anayeyatafuta.

*

Watu hudhani kwamba homoni ndiyo inayotoa amri. Homoni haina amri yoyote. Husafiri ndani ya damu ikipita mbele ya seli za mwili mzima, na nyingi kati ya seli hizo hazina habari nayo. Anayeamua ni msikilizaji: seli yenyewe, kwa idadi ya vipokezi inavyoviweka juu ya utando wake. Prolaktini, homoni ya maziwa, hufika na kujikita kati ya vipokezi viwili. Vikishikana hivyo ndipo ujumbe hupita ndani, hadi kwenye jeni zinazojua kutengeneza maziwa. Seli iliyochoshwa na kelele huvimeza vipokezi vyake na kuvivunjavunja. Seli iliyonyimwa sauti huotesha vingine na kuendelea kungoja.

Homoni inayoshuka kutoka ubongoni kuamsha mfumo wa uzazi ina tabia ngeni zaidi. Husikika ikija kwa vipindi tu, kila baada ya saa moja na nusu hivi. Ikimiminwa bila kupumzika, tezi inayoipokea huwa kiziwi. Kwa mwanamke anayenyonyesha vipindi hivyo huachana na kufifia, na mwili huahirisha mtoto ajaye kwa heshima ya aliyepo.

Bawabu alikuwa fundi wa usikivu huo. Alisoma kiwango cha mwitikio wa mwili, kisha akaziagiza seli zipandishe vipokezi au zivishushe, mpaka mwitikio urudi kwenye kiwango rejea, yaani kiwango cha mwanamke huyo akiwa ametulia. Hakujua huzuni wala faraja. Alijua namba alizofundishwa siku ya kwanza, dakika kwa dakika, na alikuwa mwaminifu kwazo kuliko binadamu yeyote ambaye Enesia alipata kufanya naye kazi.

Enesia alikuwa amechunguza mitambo ya mawasiliano, betri, hata radi za msimu uliopita. Zote zilikuwa safi. Kilichobaki kilikuwa siku ya kwanza yenyewe. Alilitoa jalada la Jumatano hiyo, siku ambayo wafiwa kumi na tisa wa mkoa waliitwa kituoni kwa pamoja ili vifaa vyao vifundishwe utulivu.

Mwongozo ulisema: *Mteja apumzike kuanzia saa tatu hadi saa saba, akiwa peke yake, katika chumba kisicho na kelele.* Maneno *akiwa peke yake* yalikuwa yamekatwa kwa kalamu ya bluu. Pembeni palikuwa na maandishi: *Mfiwa haachwi peke yake. Wakae pamoja, nje. E.S.*

Alikumbuka alivyoandika. Alikumbuka pia kwamba aliridhika na nafsi yake kwa siku kadhaa, kwa sababu waandishi wa mwongozo ule hawakuwa wameketi hata mara moja katika nyumba ya msiba ya Wabena.

Koridoni, mfagizi wa kituo, Mama Otilia, alikuwa akipiga deki kwa mtindo wake wa kurudi kinyumenyume, kana kwamba anaukimbia usafi.

"Mama Otilia, siku ile tulipowapima wale wafiwa kumi na tisa, ulikuwa zamu?"

"Nilikuwa zamu. Nani mwingine angekuwa? Tena usikanyage hapo, daktari, bado pabichi."

"Walikaa wapi?"

"Kwenye benchi refu la nje, juani. Kulikuwa na baridi ya kukausha masikio."

"Walifanya nini asubuhi nzima?"

"Wanawake kwenye benchi hufanya nini? Wanakaa." Alikamua tambara ndani ya ndoo. "Ila hawa walikuwa wamenyamaza mno. Hata kukohoa hawakohoi. Mimi nilikuwa na Otilia mgongoni, miezi minne, anasumbua, na maji yangu ya moto. Yule wa kwanza akaniambia, dada, utamwunguza mtoto, hebu nipe nimshike. Nikampa. Alipotosheka akampa wa pili. Nilipomaliza ghorofa zote mbili na kurudi, mtoto amefika mwisho wa benchi na ameanza kurudi."

Enesia aliweka mkono ukutani. "Alilia?"

"Huyo? Alilia mpaka nikamsikia niko juu. Saa nne na kitu, njaa yake ya kwanza. Akalia tena karibu na saa sita, hiyo nayo ilikuwa saa yake. Nilishuka mbio na ndoo. Nikakuta mmoja ameshamnyonyesha, na wengine wote wamemgeukia, vifua vimelowa, hakuna anayesema neno. Nami nikanyamaza. Ningesema nini? Walikuwa wafiwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ninyi mlikuwa mnahangaika na mashine zenu, hata salamu hamkuitikia." Mama Otilia alisimama wima na kumtazama daktari kwa mara ya kwanza. "Kwani wewe ulifikiri wanawake kumi na tisa watakaa mikono mitupu, na mtoto yupo?"

Enesia alirudi chumbani bila kukumbuka kuzunguka pale palipokuwa pabichi.

Kwa hiyo huo ndio ulikuwa utulivu aliowafundisha. Vifaa viliambiwa: hali mnayoiona sasa ndiyo hali ya kawaida, ilindeni. Na vililinda. Kila mwili ulipoanza kusahau, Bawabu aliuongezea vipokezi. Kila ulipotaka kunyamaza, aliukumbusha. Kwa kuwa vipokezi vya homoni inayotoa maziwa vipo pia ubongoni, na ubongo uliofunguliwa masikio namna hiyo hukamilisha wenyewe sehemu inayokosekana, kilio nacho kilirudi. Haikuwa sauti ya mtoto yeyote kati ya wale kumi na tisa waliozikwa. Ilikuwa sauti ya Otilia, binti wa mfagizi, ambaye sasa alikuwa na mwaka mmoja na nusu na meno manane.

*

"Usimwambie," alisema Mkurugenzi Mgaya.

Alikuwa mwanamume mwenye sauti ya chini ambaye aliandika kila alichosema, na mara nyingine aliandika kabla ya kusema.

"Amekataa kutia saini kwa sababu ya jambo lisilo kweli," alisema Enesia. "Na jambo hilo tumelitengeneza sisi."

"Wewe."

"Mimi."

"Sasa sikiliza. Ukimwambia, atatia saini. Nina uhakika. Kwa hiyo ukweli wako una faida kwetu, na ndiyo maana unanitia shaka. Siku ukweli unapokuwa chombo cha kupatia saini, Daktari, sijui tena kama ni ukweli au ni koleo."

"Na nisipomwambia?"

"Atabaki na mtoto wake. Watu wangapi mjini hapa wanaishi kwa mambo yasiyo kweli na wanaamka vizuri?"

"Mifupa yao haiyeyuki."

"Alimzika mara moja," alisema Mgaya. "Wewe unataka amzike tena, na safari hii hakuna atakayekuja kukaa naye msibani, kwa sababu hakuna aliyekufa." Aliiweka kalamu chini. "Sikukatazi. Nakuomba tu usijidanganye kwamba unakwenda kumfanyia hisani."

Enesia alilifikiria neno hilo wiki nzima. Aligundua kwamba kila sababu ya kunyamaza ilimfaa yeye binafsi, kwa kuwa ilificha kalamu ya bluu. Na kwamba kila sababu ya kusema ilimfaa pia, kwa kuwa ingempunguzia mzigo. Hakupata sababu hata moja iliyo safi. Mwishowe alikwenda ghalani kwa sababu Benigna alikuwa amekataa jambo moja akidhani amekataa lingine. Sababu hiyo haikuwa safi. Ilikuwa tu haimhusu Enesia.

*

Ghala lilinuka mbao mbichi na matunda. Maparachichi yalipita juu ya mkanda, na wanawake sita walisimama wakiyachambua bila kuyatazama. Saa nne na dakika kumi na tano Benigna alivua glovu.

"Umekuja kumsikia?" aliuliza. "Hutamsikia. Nimeshawaambia hawa, wananicheka."

"Hatukucheki, Mama Ilaria," alisema mmoja wa wanawake. "Tunakuonea wivu. Wa kwangu analia na kuvunja sahani."

Walitoka nje, nyuma ya ghala, mahali palipowekwa masanduku matupu. Enesia alisema yote akiwa amesimama: benchi, jua, Otilia, njaa ya saa nne na kitu, maneno aliyoyakata. Hakutumia istilahi hata moja. Hakuomba msamaha mpaka alipomaliza, ili msamaha usije ukaziba kitu.

Benigna aligeuza sanduku moja tupu, akalikalia.

"Nilimshika," alisema hatimaye. "Mtoto wa yule dada wa deki. Alikuwa na kofia ya njano. Mimi ndiye niliyemnyonyesha." Alisema bila aibu, kama anayetaja mahali alipoacha funguo. "Nilikuwa nimejaa mpaka naumwa, naye alikuwa na njaa. Wote wawili tulipata tulichotaka. Sikujua kwamba mnaandika."

"Hatukujua wenyewe kwamba tunaandika."

"Yu hai?"

"Yu hai. Anatembea. Juzi ameanguka kwenye ngazi za kituo akainuka mwenyewe."

"Basi mimi miezi yote hii nimemwita Ilaria mtu anayetembea." Benigna aliangalia mikono yake. "Wa kwangu hajawahi kulia."

"Hapana."

"Hata mara moja."

"Hapana, Benigna."

Kwa mbali king'ora cha kiwanda cha chai kilisikika na kunyamaza. Kisha Enesia aliona bega la Benigna likiinuka kidogo na shingo ikigeuka upande, kama ya mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili. Hakuhitaji kutazama saa. Vidoa viwili vyeusi vilitokea kwenye gauni na kuenea taratibu, na katika dakika hiyo, huko Makete na Ludewa na Makambako, wanawake kumi na wanane walikuwa wameacha walichokuwa wakifanya.

"Bado namsikia," alisema Benigna. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Sasa ilikuwa na hofu. "Nimeshajua, na bado namsikia. Kwa nini?"

"Seli hazijui unachokijua."

"Jana alikuwa mwanangu. Leo ni nani huyu? Nani analia ndani yangu, Daktari?" Alikuwa ameyaziba masikio kwa viganja, naye aliondoa viganja hivyo mara moja, kwa kuwa havikuzuia chochote. "Lete hiyo karatasi. Mwondoe. Kama si yeye, mwondoe, nikae na kimya changu. Hicho angalau ni cha Ilaria."

Alitia saini juu ya sanduku la maparachichi, na tone moja likaanguka karibu na jina lake. Enesia aliiacha karatasi ikauke juani kabla ya kuikunja.

Wakati wa kuondoka, Benigna alimwuliza itachukua siku ngapi.

"Baraza hukutana Alhamisi," alisema Enesia. "Saini zote zipo. Sioni watakataa kwa misingi gani."

Alikuwa mtu mwenye shaka kuhusu mambo mengi, lakini hakuwa amewahi kuwa na shaka ya kutosha kuhusu vikao.

*

BARAZA LA TAIFA LA VIPOKEZI
UAMUZI KUHUSU OMBI LA KITUO CHA NYANDA ZA JUU

Baraza, katika kikao chake cha kawaida, limepokea ombi la kuzima vifaa kumi na tisa vya aina ya Bawabu, likiwa limeambatanishwa na saini za wateja wote, na linaupongeza uongozi wa Kituo kwa ukamilifu wa nyaraka.

Baraza limeridhika kwamba vifaa vinafanya kazi sawasawa na vilivyofundishwa, na kwamba hakuna kifaa chenye kasoro.

Baraza limezingatia kwamba Sheria ya Faraja inaruhusu ufunguo wa kuzima kutolewa kwa mteja mwenye hitilafu pekee. Kwamba hitilafu maana yake ni mwitikio unaozidi kikomo cha juu cha kawaida. Kwamba kikomo hicho, ambacho ni kumi, kiliwekwa kwa kuwapima wanawake waliopumzika peke yao. Na kwamba hakuna ushahidi kuwa wanawake wa Nyanda za Juu hupumzika kwa namna hiyo.

Kwa sababu hizo, Baraza linaamua kama ifuatavyo: kikomo cha juu cha kawaida kwa Nyanda za Juu kinapandishwa kutoka kumi hadi themanini. Kwa kuwa mwitikio wa wateja wote kumi na tisa ni sabini na nne, wateja hao wanahesabiwa kuwa katika hali ya kawaida tangu siku ya kwanza ya vipimo. Kwa kuwa hakuna mteja mwenye hitilafu, ombi halina mwombaji, na jalada linafungwa.

Wateja wataarifiwe kwamba ni wazima.